Mkono Unapokufa Majini: Maneno ya Ganzi na Maumivu katika Kiswahili cha Lubumbashi

Daktari anayepokea mgonjwa mwenye ganzi ya mkono huuliza mapema swali moja: ni vidole vipi? Jibu huelekeza mengi yanayofuata. Ganzi ya kidole gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati humfanya achunguze kifundo cha mkono. Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete humpandisha hadi kwenye kisugudi, au juu zaidi, kwenye upenyo ulio kati ya mfupa wa mtulinga na ubavu wa kwanza. Hapa Lubumbashi, mwogeleaji anayetoka majini na kusema "mukono inakufa" amesema kweli tupu, lakini swali la daktari bado halijajibiwa, na hakuna kitu katika sentensi yake kinachomlazimisha alijibu. Makala haya yanalichunguza pengo hilo: linatoka wapi, lina hatari gani, na Kiswahili chetu cha hapa mjini kina zana zipi za kuliziba.

Nasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na jioni nne kwa wiki naogelea. Mada hii sikuiokota maktabani. Ilianzia kwenye mkono wangu wa kushoto, uliokuwa ukifa kila nilipofika karibu mita 600, kisha nikaanza kutega sikio kwa wenzangu wanapokaa ukingoni kupumua. Mifano ya Kiswahili cha Lubumbashi iliyomo humu niliisikia hapo, na nimeiandika kama ilivyotamkwa. Kiswahili hiki kimeandikiwa mengi: Polomé alikieleza mwaka 1968, Schicho akatoa sintaksia yake mwaka 1982, na mwaka 2014 Ferrari, Kalunga na Mulumbwa wakatoa kitabu kizima juu yake. Mimi nachukua kipande kidogo tu, kuanzia bega hadi ncha za vidole.

Mkono unaishia wapi?

Kwa Kifaransa, lugha ambayo waganga wetu wengi wamesomea, kuna bras na kuna main, na mtu hawezi kuanza sentensi kabla hajachagua. Kwa Kiswahili, mkono ni vyote viwili. "Nipe mkono" ni kiganja, "amevunjika mkono" mara nyingi ni mfupa wa juu ya kiganja, na "mkono wa shati" hauna nyama kabisa. Si upungufu wa lugha, wala si jambo la Kiswahili peke yake. Cecil Brown, katika atlasi ya miundo ya lugha za dunia iliyotoka mwaka 2005, alilinganisha lugha 617 akakuta 228 zinazotumia neno moja kwa sehemu hizo mbili. Aliona pia kwamba lugha za aina hiyo ni nyingi zaidi karibu na ikweta, na maelezo aliyopendekeza ni mavazi: mahali ambapo baridi inamlazimisha mtu kuvaa mikono mirefu, mpaka kati ya sehemu iliyofunikwa na ile iliyo wazi unaonekana kila siku, na lugha ikapata sababu ya kuupa jina. Nilipoisoma hoja hiyo nilicheka, maana hakuna mtu asiye na mikono ya nguo kuliko mwogeleaji.

Majirani wa Kiswahili hapa Katanga hawakubaliani. Kibemba kinasema ukuboko, na neno hilo hushuka hadi vidoleni. Ciluba kina diboko kwa sehemu ya juu na cianza kwa sehemu inayoshika. Wanaisimu wa Kibantu hurudisha mizizi miwili hadi kwenye lugha mama, *-bókò na *-kónò. Wa kwanza ndio uliobaki kwa Wabemba na Waluba, wa pili ndio Kiswahili ulichoshika. Kwa hiyo mtoto wa Lubumbashi anayesema Ciluba kwa nyanya yake, Kiswahili barabarani na Kifaransa darasani anavuka mipaka mitatu ya mkono mmoja kwa siku moja. Akiumia, ramani atakayotumia ni ya lugha anayoisema saa ile.

Ukishuka chini ya neno mkono, mambo yanazidi kuteleza. Chukua kiwiko. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, kiwiko cha mkono ni pale saa inapofungwa, na kiwiko cha mguu ni pale juu ya wayo. Leo watu wengi, pamoja na waandishi wa vitabu vya shule, wanaita kiwiko pale mkono unapokunjwa, mahali ambapo wengine wanapaita kisugudi, au kisigino cha mkono. Mtu akimwambia mganga kwamba ganzi inaanzia "kwenye kiwiko", anaweza kumaanisha mojawapo ya viungo viwili vilivyo mbali, na kila kimoja kina mshipa wake unaobanwa. Katika makala haya natumia kisugudi kwa pale panapokunjwa na kifundo kwa pale pa saa, na namshauri yeyote anayefasiri hospitalini aweke kidole chake mahali penyewe badala ya kuamini neno.

Kufa, kulala, kuuma

Haya ni mazungumzo niliyoyasikia ukingoni kati ya msichana wa kundi la wadogo na mwenzetu mkubwa anayetusaidia kufundisha:

— Yaya, mukono inakufa.
— Inauma?
— Hapana, haiumi. Iko sawa haiko yangu.

Sentensi ya mwisho, "ni kana kwamba si wangu", ni maelezo mazuri ya ganzi kuliko niliyoyaona katika kitabu chochote. Lakini angalia jibu la Yaya. Swali lake la kwanza lilikuwa la maumivu, na alipoambiwa hakuna maumivu, akamrudisha mtoto majini. Kitenzi kuuma kimetawala uwanja mzima wa mwili katika Kiswahili: mbwa anauma, jino linauma, mkono unauma. Kisichouma kinahesabiwa kizima. Kumbe neva inayobanwa inaweza kukaa majuma mengi bila kuuma hata kidogo, huku ikipoteza kazi yake taratibu.

Kiswahili sanifu kina neno la hali hiyo: ganzi. Mguu hufa ganzi, meno huingia ganzi kwa kitu kichachu, na sindano ya ganzi ndiyo anayochoma daktari wa meno. Hapa kwetu, kwa wenzangu wa majini, neno ganzi silisikii sana. Kilichobaki ni kitenzi peke yake, kufa, na pembeni yake kulala: "mukono inalala". Wale wanaopenda picha husema badudu banatembea mu mukono, wadudu wanatembea ndani ya mkono, jambo linalofanana na Mfaransa anayesema ana sisimizi mwilini. Kwa masikio ya mwanaisimu, kufa na kulala zinaonekana kuwa kitu kimoja. Nilipowauliza wasemaji, walizitenga bila kusita. Mkono uliolala utaamka wenyewe ukiutikisa. Mkono unaokufa unakawia, na mwenyewe anaanza kuogopa. Tofauti hiyo ni ya maana kwa tabibu, kwa sababu muda wa ganzi na namna inavyoondoka ni sehemu ya utambuzi.

Kuna upande mwingine ambao neno kufa unauficha. Neva hufanya kazi mbili: inaleta hisia na inapeleka amri. Ganzi ni kupotea kwa hisia. Kupotea kwa nguvu ni jambo jingine, na lina neno lake, kupooza, neno zito ambalo watu hulikwepa kwa sababu linawakumbusha mzee aliyeanguka nyumbani. Mtu ambaye vidole vyake havisikii, na mtu ambaye vidole vyake havishiki kikombe, wote wawili watasema mukono inakufa. Huyu wa pili yuko mbele zaidi kwenye njia mbaya. Anapaswa kuulizwa waziwazi: unaangushaka bintu? Unashindwa kufunga kifungo cha shati?

Kiambishi hicho -aka, ambacho wapenda usanifu wanakicheka, ndicho ninachokiona kuwa zawadi kubwa ya Kiswahili cha Lubumbashi katika jambo hili. "Inakufa" ni sasa hivi. "Inakufaka" ni desturi. Mwogeleaji anaposema mukono inakufaka, amekwisha kumwambia daktari kwamba si ajali ya leo, kwamba ni jambo linalorudi, na amefanya hivyo kwa silabi moja. Kiswahili sanifu kina hu- kwa kazi hiyohiyo, lakini katika mazungumzo watu wengi huiacha na kusema "unakufa" kwa yote mawili. Nimemwona mfasiri mmoja, katika zahanati ambayo sitaitaja, akigeuza "inakufaka" kuwa Kifaransa cha wakati uliopo bila kuongeza neno la kuonyesha kurudia. Habari iliyokuwa ndani ya -aka ikabaki mlangoni.

Mshipa

Sasa nafika kwenye neno linalonisumbua kuliko yote. Mshipa, kwa hapa mushipa, ni njia ya damu. Ni neva pia. Ni kano inayofunga msuli kwenye mfupa, na kwa wengine ni msuli wenyewe. Ni ngiri pia, lakini hiyo tuiache. Wataalamu wamejaribu kuligawa: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, na siku hizi ateri, vena na neva. Mtaani hayagawanyiki. "Mushipa imebanwa" ndiyo maelezo ya kila kitu.

Ili kuona kwa nini hili si suala la kamusi tu, inabidi tuangalie anatomia kidogo. Neva za mkono hutoka shingoni, hupita katikati ya misuli ya ubavuni mwa shingo, huteremka chini ya mtulinga juu ya ubavu wa kwanza, kisha chini ya msuli wa kifua, ndipo huingia kwapani. Ateri na vena za mkono nazo hupitia hapohapo. Unapoinua mkono juu ya kichwa, upenyo huo hupungua. Kwa watu wengi upungufu huo hauleti neno. Kwa mwogeleaji ambaye misuli ya shingo na kifua imekaza, au ambaye mabega yamejikunja mbele, kitu kimojawapo kati ya vitatu kinaweza kubanwa.

Ikibanwa neva, mtu anapata ganzi na wadudu wanaotembea, mara nyingi upande wa kidole cha mwisho, na anaweza kufanya miadi ya juma lijalo. Ikibanwa ateri, mkono unakuwa baridi na mweupe, unachoka mara moja. Ikibanwa vena, damu inashindwa kurudi: mkono unavimba, unakuwa mzito, ngozi inaelekea rangi ya samawati, na wakati mwingine mishipa midogo inajitokeza begani na kifuani. Hali ya mwisho inaweza kumaanisha kwamba damu imeganda ndani ya vena, na donge hilo linaweza kusafiri hadi mapafuni. Madaktari wanaijua vizuri kwa vijana wenye afya wanaorudia kazi ya mikono juu ya kichwa, waogeleaji wakiwamo. Hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwenzangu mmoja wa mazoezi alitoka majini na mkono wa kulia uliovimba. Nyumbani wakasema mushipa imebanwa, na kwa mushipa iliyobanwa dawa inajulikana: mafuta ya moto na kukandwa na mama mkubwa mwenye mikono yenye nguvu. Mama mkubwa huyo alikanda kwa mapenzi yote siku mbili. Siku ya tatu rangi ya mkono ilimtisha baba yake, wakampeleka hospitali, wakakuta damu imeganda. Alipona, baada ya miezi ya dawa za kuzuia damu isigande, na mpaka leo hajarudi kwenye mazoezi ya kasi. Hakuna aliyekosa akili katika nyumba ile. Walikuwa na neno moja kwa mambo mawili, na jambo moja linavumilia kukandwa, jingine haliruhusu kabisa.

Nilipolijadili hili na wenzangu wa idara, mmoja alipendekeza tuwafundishe watu kusema neva. Mimi sina imani na amri za namna hiyo. Neno likishakaa mjini tangu enzi za kambi za Union Minière halitaondoka kwa sababu ya karatasi ya wanafunzi. Njia nyepesi ni kuliacha neno mahali pake na kuongeza swali moja baada yake: mushipa imebanwa, na mukono inavimbaka? Inabadilishaka rangi? Msemaji yeyote wa Lubumbashi anaweza kujibu hayo bila kufundishwa istilahi.

Ku, pa, mu

Katika Kiswahili sanifu mahali huonyeshwa kwa -ni: begani, mkononi, vidoleni. Ukitaka kujua kama ni ndani, juu au karibu, inabidi usubiri upatanisho, mkononi mwangu, mkononi pangu, mkononi kwangu, na katika maongezi ya haraka upatanisho huo haufiki. Kiswahili cha Lubumbashi hakina haja ya -ni. Kinaweka ku, pa na mu mbele ya nomino, waziwazi, kama lugha nyingi za Kibantu zinazokizunguka.

Nilianza kuwauliza wenzangu wapi panawasumbua, na majibu yalijipanga yenyewe. "Inaniuma pa bega": huyu anaonyesha nukta kwa kidole kimoja. "Inakufa ku bidole": huyu anaonyesha mwisho wa mkono, eneo. "Inachoma mu mukono": huyu anapitisha kiganja kwa urefu, kutoka kwapani hadi kifundoni, kwa sababu anachokisikia kinapita ndani. Nukta inayouma begani, hasa unapoinua mkono, mara nyingi ni kano zinazosuguliwa chini ya mfupa wa bega. Ndilo bega la mwogeleaji, jina ambalo Kennedy na Hawkins walilipa umaarufu mwaka 1974. Mstari unaopita ndani na kuishia vidoleni ni mwendo wa neva. Pa na mu zimefanya nusu ya kazi ya mpimaji kabla hajanyanyua mkono wake.

Kwangu mimi ilikuwa ku bidole na mu mukono, bila pa bega. Tabibu aliyenipokea alinipa kalamu, akaniambia nichore kwenye ngozi mahali palipokufa. Nilipaka kidole cha mwisho, nusu ya kidole cha pete, na ukingo wa kiganja. Kisha akaniambia niinue mikono yote miwili, visugudi vimekunjwa usawa wa mabega, kama mtu aliyejisalimisha, nifumbe na kufumbua vidole kwa dakika tatu. Mkono wa kulia ulimaliza dakika zake. Wa kushoto ulikufa kabla ya dakika ya kwanza kwisha, na mimi nikaushusha. Akapima nguvu ya vidole, akagonga nyuma ya kisugudi ili kuhakikisha shida haikuwa pale, akaangalia shingo. Neva, akasema, si damu, na inabanwa juu, chini ya mtulinga.

Kinachotendeka majini

Hesabu ndogo. Katika bwawa la mita 25, mtu wa kiwango changu hupiga mikono kama mara 20 kwa urefu mmoja. Mita 2,000 ni urefu wa mara 80, yaani mapigo 1,600, na kila bega linabeba 800. Kwa jioni nne ni 3,200 kwa juma. Kosa dogo la mtindo likirudiwa mara 3,200 si dogo tena.

Katika kroli, makosa yanayobana ni machache na yanaonekana ukimtazama mtu kutoka mbele. Mkono unaingia majini ukiwa umevuka mstari wa pua badala ya kuingia mbele ya bega lake. Kiganja kimegeuzwa, kidole gumba kinatangulia, na bega lote linajipinda kwa ndani. Mwili umelala bapa bila kujigeuza ubavu huku na huku, kwa hiyo bega linalazimika kwenda peke yake. Pumzi inavutwa upande mmoja tu mwaka mzima, na misuli ya shingo upande mmoja inakaza. Vibao vya mikononi, ambavyo vijana wetu wanavipenda kwa sababu vinatoa sauti nzuri, vinaongeza mzigo juu ya yote hayo. Hata kile kibao cha kupigia miguu, kikishikwa kwa mikono iliyonyooshwa kabisa mbele, kinaweka mabega katika mkao uleule unaobana, dakika kumi mfululizo, na mtu anadhani anapumzisha mikono.

Nilichoagizwa ndicho ninachowaeleza wanaoniuliza, kwa sharti kwamba wameonwa na tabibu kwanza. Majuma kadhaa bila vibao vya mikononi na bila kipepeo. Umbali upunguzwe, na unaposikia ganzi inaanza, usimame pale ilipoanza, usisubiri urefu umalizike. Vidole viingie kwanza, mbele ya bega, kiganja kikitazama chini. Pumzi kushoto na kulia. Nje ya maji, kuvuta mpira kuelekea kifuani ili kuimarisha misuli inayoshika mabawa ya mgongo. Mimi natumia utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu, unaopatikana kwa mafundi wote wa matairi. Kunyoosha kifua mlangoni, kisugudi kimeegemea fremu. Na usiku, kutolala na mkono juu ya kichwa. Hili la mwisho lilinishinda kuliko yote.

Baridi nayo inachanganya watu. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo maji ya bwawa la wazi yanauma kweli. Miezi hiyo kila mtu anasema mukono inakufa. Lakini ganzi ya baridi ni ya mikono miwili, ya vidole vyote kwa usawa, na inaondoka kwa chai na sweta. Ganzi inayochagua mkono mmoja na vidole viwili haisababishwi na baridi, hata kama ni Julai.

Niongeze yale yasiyo ya mwogeleaji tu. Mkono wa kushoto unaokufa pamoja na kubanwa kifua na jasho, au mkono unaolegea ghafla pamoja na mdomo kupinda na ulimi kushindwa maneno, hayana uhusiano wowote na mtindo wa kuogelea. Hapo anatafutwa mwenye gari mara moja.

Karatasi ya ukingoni

Pamoja na wenzangu wawili tumeandika karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Tuliiandika kwanza kwa Kiswahili sanifu, na wadogo waliisoma kama wanavyosoma tangazo la serikali, yaani hawakuisoma. Toleo la pili ni la Lubumbashi, na maswali yake ndiyo haya:

Bidole gani njo binakufa?
Inaanzaka wapi: ku shingo, pa bega, mu kwapa, pa kisugudi?
Inakufa leo tu, ao inakufaka?
Busiku inakuamushaka?
Unaangushaka bintu?
Mukono inavimbaka? Inabadilishaka rangi?

Swali la usiku limewekwa kwa ajili ya wale wa kidole gumba na wenzake: neva inayobanwa kwenye kifundo ina tabia ya kumwamsha mtu usiku akitikisa kiganja. Swali la mwisho tumelipigia mstari kwa wino mwekundu, na chini yake tumeandika neno moja, lopitalo.

Kulikuwa na ubishi juu ya kisugudi, kwa sababu wengi wa wadogo hawakulijua. Mmoja alitaka kiwiko, mwingine alitaka coude ya Kifaransa. Tukachora mkono mzima kwa kalamu ya mkaa pembeni ya maswali, na mshale. Juma lililopita yule msichana aliyesema iko sawa haiko yangu alimwendea tena Yaya, akaweka kidole kwenye mchoro, akasema: "Apa, na bidole hii mbili." Yaya akamtoa majini.